Chai ya Kulalia

Mpapura, 6 Juni 1971

Mdogo wangu Amina,

Pokea salamu zangu. Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu linalonisumbua. Zainabu ananyonya vizuri? Na wewe umeshapata nguvu baada ya uzazi?

Mwanao Ismaili hajambo. Siku za mwanzo akilala alikuwa anakuita mpaka na mimi nikalia naye. Sasa nampa kikombe cha chai kitandani, sukari nyingi, anakunywa huku anasinzia. Kilio kimekwisha. Wewe mlee mchanga wako bila wasiwasi. Mimi Mungu hakunijalia wa kwangu, na nyumba imechangamka.

Dada yako,
Mwanahawa

Ufukoni, 27 Juni 1971

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Zainabu ana homa za hapa na pale, lakini ananenepa. Shemeji yako Saidi yuko kazini bandarini, anakusalimu. Kumbe mwanangu halii tena! Naomba akae kwako mpaka huyu mdogo aanze kutembea. Sukari nampa dereva wa lori akuletee.

Mdogo wako,
Amina

Mpapura, 2 Machi 1972

Mdogo wangu,

Leo salamu ni fupi, nisamehe. Ismaili shavu limevimba mpaka jicho limefumba, na mwili unawaka moto. Meno yake yalianza kuwa meusi tangu msimu wa korosho. Mimi nikajua ni meno ya utoto, yataanguka tu. Kuna mzee hapa jirani anang'oa kwa koleo, nimemkatalia. Zahanati wametupa vidonge, wakasema apelekwe hospitali mjini upesi. Barabara ni matope matupu. Mwambie Saidi aje na gari lolote atakalopata.

Mwanahawa

Mpapura, 9 Aprili 1972

Amina, salamu.

Sijui kama mko wazima. Wapita njia wameniambia mtoto amepona, nami nimeshukuru. Lakini Saidi alipomchukua hakunitazama usoni, na wewe hujaandika. Niandikie hata mstari mmoja, nijue anakula nini, anatafunaje.

Dada yako

Ufukoni, 23 Aprili 1972

Dada yangu, shikamoo.

Sikunyamaza kwa hasira. Tulilazwa na mtoto, na tulipotoka Zainabu naye akashikwa na homa. Ismaili ametolewa usaha mwingi, na magego mawili yameng'olewa. Anakula uji na samaki laini.

Muuguzi wa chumba cha meno, Agnes, alinikalisha akanieleza. Ile sukari ikibaki mdomoni usiku kucha ndiyo inayooza meno, na meno ya utoto yakioza, mtoto anaumwa kweli. Mtoto asuguliwe meno asubuhi na tena baada ya chakula cha usiku, asuguliwe na mtu mzima, kwani mwenyewe hawezi kufika nyuma. Mti wa mswaki uliotafunwa ukalainika unatosha. Akishasuguliwa, asipewe kitu zaidi ya maji. Vitamu vikiwepo, avile pamoja na chakula, si kutwa nzima.

Saidi alisema mtoto harudi Mpapura. Nikamwambia, "Alikuwa ananililia mimi, dada akambembeleza kwa alichokuwa nacho. Na sukari nilipeleka mimi." Akavaa kofia, akaenda bandarini. Lakini Ismaili kila siku anauliza mama mkubwa yuko wapi. Nipe muda.

Mdogo wako,
Amina

Mpapura, 17 Septemba 1972

Mdogo wangu Amina,

Nakusalimu wewe na Zainabu, ambaye nasikia anakimbia. Goti langu limetulia kidogo.

Mumeo na Ismaili walifika jana salama. Nilipika wali na kunde. Saidi alikula, akaenda kukaa barazani. Nikamweka mtoto katikati ya magoti yangu, nikaanza kumsugua kwa mswaki niliokuwa nimeutafuna tangu jioni. Akaomba chai yake ya kulalia. Nikampa maji. Alilia, Amina, kama siku zile za mwanzo, na mkono wangu ulitaka kwenda kwenye kopo la sukari. Nikambana kifuani, nikaendelea kumsugua polepole huku machozi yake yananilowesha.

Basi Saidi akaingia. Nilifikiri amekuja kumchukua. Alichukua taa, akachuchumaa mbele yetu, akaisogeza karibu na kinywa cha mtoto.

"Na huku nyuma, shemeji," akasema. "Hapa bado."

Tangu siku ile ya matope hakuwa amenisemesha. Asubuhi hii ameondoka peke yake.

Dada yako,
Mwanahawa