Mfalme wa Mawe ya Bao

Mjukuu wangu Wambui,

Hapa Kinoo hatujambo. Goti la cucu, nyanya yako, limetulia, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Unauliza kama ni kweli mfalme wa kale alicheza bao kwenye yale mawe yenye vishimo kule bondeni, kama ulivyosoma huko ng'ambo. Si kweli. Huku hata wafalme hatukuwa nao. Kisa hicho nilikitunga mimi.

Miaka ya sabini nilikuwa nikiongoza watalii kutoka mjini. Tulikuwa tukitazama mawe ya kale, kisha wakati wa kurudi tunakula mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, hapa Kinoo. Siku moja tulikuwa tumechelewa, nami njaa inaniuma. Mgeni mmoja akauliza ni nani aliyechonga vishimo vile. Sikujua, nikaona haya kusema sijui. Nikamtoa mfalme kichwani. Wageni wakafurahi, wakaandika.

Mlinzi wa pale, mzee wa hukohuko, alikuwa amesimama kando. Wageni walipopanda gari akaniambia, "Kumbe! Babu yangu hakunisimulia hivyo."

Nikamjibu, "Utaniambia siku nyingine, mzee. Mukimo inapoa."

Nilirudi pale mara nyingi wala sikumuuliza, maana nilishamzoea mfalme wangu, na wageni walimpenda. Mzee alifariki kitambo.

Kisa cha babu yake alizikwa nacho. Changu ndicho kilichokufikia huko.

Ni mimi,
Guka