Tela Limenyamaza

Hana, shoga, nipo huku Mamba, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Si unalijua tela la pikapu yangu, lile linalogonga kila kona mpaka kiuno kinauma? Juzi fundi pale Same kabadilisha pale linapoungana na gari. Katoa ile pini iliyolegea, kaweka kiungio kipya chenye mpira ndani. Sasa linakuja laini! Hata nikikanyaga breki halinisukumi.

Leo nimepanda huku mlimani kuchukua tangawizi kwa wakulima wangu. Nafika njia panda, hamna mtu. Hamna hata kiroba kimoja! Siku zote nakuta wameshatoa mizigo barabarani wananisubiri. Nikajua tu, kuna mnunuzi mwingine kawapitia.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Novatus, mmoja wa wakulima hao. Nachungulia ndani, viroba vimejaa mpaka juu. Nikachemka. "Mama, hii tangawizi mnamfichia nani?"

Nimesema hivyo, Hana. Kwa mtu mzima yule.

Akaniangalia weee. Akasema, "Marahaba."

MARAHABA! Na shikamoo sijampa!

Halafu akasema, "Sisi tukisikia tela lako linagonga kule chini ndiyo tunatoa viroba. Leo hatujasikia kitu. Tumekaa hapa tunasema umetuacha, umeenda kununua kwa wengine."

Eti hawajasikia! Namwamini nusu tu.

Nimemwomba debe bovu, nimelifunga nyuma ya tela. Nikipanda tena Jumamosi nikakuta viroba barabarani, nitajua alisema kweli.

Fundi asijue.