Barafu Iliponguruma

Dada yangu Solveig,

Salamu kutoka ziwani. Juzi nilivua samaki mkubwa kuliko mbwa wa Orrin, mvuvi mwenzangu. Haya, usicheke, sikupata hata kidagaa. Barafu ilinguruma chini ya kibanda chetu cha kuvulia, pale juu ya ziwa lililoganda, nami nikatoka mbio na soksi moja mguuni.

Orrin akapiga kelele, "Rudi, mzee mwoga wewe! Ikinguruma ndiyo inazidi kuganda!"

Najua hilo tangu utotoni. Lakini mlio ule ni kama wa mlango wa nyumbani enzi zile, baba akiubamiza amelewa. Daktari anasema ubongo uliolelewa na hofu hubaki na king'ora mpaka uzeeni. Moyo unakimbia kabla akili haijauliza kuna nini. Nikataka kuacha uvuvi kabisa.

Ndipo nikakumbuka ulivyonikumbatia tukijificha chini ya kitanda, ukininong'oneza, "Pumua na mimi, taratibu." Nikapumua hivyohivyo, nikarudi ndani, nikavua mpaka jioni. Ahsante, dada. Ulinitibu kabla ya daktari.

Ila Krismasi ulinifumia soksi moja, ukaniahidi ya pili. Nitumie basi. King'ora kikilia tena, angalau nikimbie na soksi mbili.

Mdogo wako mtundu,
Arvid