Mpishi Aliyekuwa Mwenye Mji

Kaka Ezekieli,

Jumamosi tumemaliza matanga yako, na nimerudi nyumbani na hasira ambayo sijui niiweke wapi. Wenzangu wakiwaandikia marehemu wao wanalia. Mimi naandika nikiwa nimekunja uso, na nusu ya hasira hii ni yako wewe. Kaa huko uliko unisikilize, safari hii huna pa kwenda.

Kisa ni Mwenye Mji, yule mpishi wa kwenye kanda. Mwanao Daniel alimleta ukumbini kwenye televisheni kubwa, mbele ya watu wote waliokuja kukuaga, akamwacha aseme "Yes, sir" kwa Kiingereza chake kilekile. Wajukuu zako wakacheka. Nikaona kwamba nikinyamaza, watoto hawa watakua wakiamini kuwa hicho ndicho ulichokuwa ukitupa kambini. Na wewe hukutupa hicho.

Wewe unajua yote haya, lakini acha niyaseme, maana hapa nyumbani sina tena wa kumwambia. Kile kibanda cha video kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma, turubai juu, magogo ya kukalia, jenereta linakohoa nje. Mzungu mmoja wa shirika alikuwa anarudi kwao, akamwachia mwenye kibanda boksi la kanda. Humo ndimo ilimotoka ile komedi ya makauboi, ya zamani sana, ya kabla sisi hatujazaliwa, rangi zimepauka mpaka nyasi na mbingu vinafanana. Vipindi vyenyewe vilikuwa vichache. Daniel ndiye aliyekuja kutuambia miaka mingi baadaye kwamba wenyewe Wamarekani waliikatiza mapema kwa sababu haikupendwa. Sisi tuliitazama mpaka kanda ikaanza kukwaruza. Jina lake la Kiingereza hakuna aliyelishughulikia. Wewe uliiita Sherifu Mbio, kwa sababu yule sherifu mnene mwenye masharubu akisikia bastola anatimua mbio, hata kama bastola ni yake.

Kazi yako ilikuwa kutafsiri. Kutafsiri, eti. Kiingereza ulichokuwa nacho kilikuwa salamu za asubuhi na majina ya dawa za malaria. Lakini ulisimama pembeni ya televisheni na kipaza sauti chako kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kila aliyefungua mdomo kwenye kioo ulimpa maneno. Mimi nilikuwa nauza maandazi mlangoni. Nilivumilia siku kadhaa, kisha uvumilivu ukanishinda, kwa sababu sauti yako ya kike ilikuwa kama ya mbuzi aliyebanwa mkia. Yule mjane wa kwenye kanda, mwenye hoteli, alipoingia nikapiga kelele kutoka mlangoni, nikamjibu sherifu mimi. Mtu mwingine angenifukuza. Wewe ulisema kwenye kipaza sauti, "Mabibi na mabwana, mjane mwenyewe amefika, mpisheni apite." Tangu siku ile mimi nikawa mjane, na sauti ya nyumbu wa sherifu pia nikapewa, kwa sababu ulisema nina pumzi. Maandazi nikamwachia mdogo wangu.

Na kulikuwa na mpishi. Mtu mweusi pekee katika mji mzima ule wa mbao, aproni nyeupe, birika la kahawa mkononi. Kila kipindi anaingia, anainama karibu na sikio la sherifu, anasema neno, anatoka. Basi. Mtu mwingine asingemwona. Wewe ulimwona siku ya kwanza, ukashusha sauti mpaka tumboni, ukampa hii: "Sikiliza, mtoto. Mji huu ni wangu. Wewe nimekupangisha tu." Na sherifu pale pale akatoa macho akasimama, kama vile kweli ameambiwa. Watu wakaanguka kwenye magogo. Hapo akazaliwa Mwenye Mji.

Tangu hapo kila kitu kilikubali. Mpishi akitetemeka mikono, ulisema anajizuia asimpige mtu. Akimwaga kahawa kwenye suruali ya sherifu, hiyo ilikuwa adhabu ya kuchelewa kulipa pango. Na kwenye kanda wazungu wasioonekana wanacheka palepale tunapocheka sisi, tukaamini tunacheka jambo moja. Watoto wa kambini walipigania kuwa Mwenye Mji kwenye michezo yao, hakuna aliyetaka kuwa sherifu, ilibidi wapige kura. Yule mzee wa mgawo wa maharage, aliyekuwa akituita kwa namba, akitokea tu mtu ananong'ona nyuma, "Huyu naye amepangishwa." Tulikuwa hatuna hata kitasa cha mlango kilicho chetu, kaka. Lakini jioni zile tulitoka kibandani tukitembea kifua mbele.

Nakumbuka ulivyokuwa ukijifunza sauti ile kwenye foleni ya maji, peke yako, madumu miguuni, wanawake wakidhani umepandwa na mashetani. Nakumbuka pia tulivyokuwa tukigawana chakula baada ya onyesho, ule upande wa sufuria ulioungua ukiutaka wewe, ukisema ndiko ladha iliko. Wifi yangu alikuwa akitutazama anatikisa kichwa. Leo anakula kwa kulazimishwa.

Tukaja huku ng'ambo, jiji moja. Wewe mtaa wa Liverpool, si ile ya mpira, mimi mtaa wa Bankstown, treni katikati. Wewe ukapata kusafisha maofisi ya mjini, mimi nikapata kuogesha wazee. Miaka ya mwanzo bado ulikuwa wewe. Kila harusi, kila ubatizo, baada ya kula watu walisema, "Ezekieli, washa mitambo," na wewe ulitafsiri chochote kilichokuwa kwenye televisheni, hata mchezo wa kriketi, hata mwanamke wa utabiri wa hali ya hewa uliyempa matatizo ya ndoa. Wakongomani, Warundi, Watanzania, wote tulicheka kwa lugha moja.

Halafu ikaja ile siku yako ya kuzaliwa. Simlaumu Daniel kwa moyo. Mtoto alitafuta kwenye mtandao mpaka akaipata Sherifu Mbio, safi, bila mikwaruzo, akataka kumfurahisha baba yake. Ulisimama pembeni ya televisheni, ukakohoa kidogo kama zamani, mimi nikajiandaa na nyumbu wangu. Daniel akasema, "Baba, ngoja, safari hii tusikie wanasema nini kweli." Akaongeza sauti.

Tukasikia. Mpishi akaingia, akainama, akasema, "Yes, sir." Sherifu akamkaripia, mpishi akatetemeka, akatoa macho, kahawa ikamwagika, na wale wazungu wasioonekana wakacheka. Walikuwa wanamcheka yeye. Tangu mwanzo walikuwa wanamcheka yeye. Kipindi kizima hana lingine. Uliuliza kwa upole, "Ni hayo tu?" Daniel akakujibu, "Ni hayo tu, Baba. Lilikuwa onyesho baya, ndiyo maana walilifuta." Ukacheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyagwa mguu kanisani. Ukachukua sahani za watu ukaenda jikoni kuziosha, na wageni hawajamaliza kula.

Hukurudi tena, Ezekieli. Mwili ulirudi, ndiyo. Nakumbuka nilikukuta Bankstown, kwenye maduka, unachagua viazi, nikakuchokoza kwa sauti ya mjane, "Sherifu, chumba chako umekilipia?" Ulitazama kulia na kushoto, ukaniambia, "Dada, watu wanatuangalia." Watu wenyewe walikuwa bibi wa Kivietinamu na mtoto wake, na walikuwa na viazi vyao. Kwenye harusi ya binti wa mchungaji walikuomba, ukasema hayo yalikuwa ni uongo wa kambini. Uongo. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, mimi mjane, mimi nyumbu, ukaniita uongo na mimi.

Hilo ndilo nisilokusamehe. Uliamini televisheni kuliko kinywa chako. Ulikuwa hujui kwamba mpishi yule hana maneno? Hata mtoto aliona mdomo wake umefunguka mara moja na wewe umeongea mpaka birika limepoa. Tulijua, kaka. Sote tulijua unatunga, ndiyo maana tulikuja. Ungekuwa unatafsiri kweli tungebaki majumbani mwetu. Lakini ulikaa kimya, ukazeeka kimya, figo zikakusumbua kimya, na pale hospitali muuguzi akaniuliza kama unaelewa Kiingereza, kwa kuwa unajibu neno moja tu kwa kila kitu. Nilitaka kukupiga kofi kitandani pale. Mungu anisamehe, nilitaka kabisa.

Sasa Jumamosi. Daniel amekodi ukumbi wa kanisa, amevaa suti, amepanga picha zako vizuri, watu wamelia vizuri. Kisha akasema kwa Kiingereza kwamba sasa tutatazama kidogo onyesho alilolipenda baba. Waliotoka kambini tukatazamana. Mpishi akaingia. "Yes, sir." Kicheko kwenye kanda, na vijana wakacheka nao, kwa adabu tu, na Furaha, mjukuu wako yule aliyeng'oka meno ya mbele, akacheka kwa moyo wote, akamwambia mwenzake kwamba huyu mzee anachekesha jinsi anavyoogopa. Wifi aliinamisha kichwa mpaka kitambaa kikamfunika macho. Wakubwa wote walitazama sakafu. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema, nami nikaona lako linavyoondoka mbele ya macho yangu.

Nikasimama. Nikamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, nikamwambia Daniel azime ile sauti. Akaniambia, "Shangazi, tafadhali, kuna watu hawaelewi Kiswahili." Nikamwambia watoto wote hawa wanaelewa, ni kujibu tu ndiko wanakoona uvivu. Akazima. Nikaanza. Sherifu nikamfanya mimi, mjane mimi, nyumbu nikampa pumzi zote nilizobakiwa nazo, na kule nyuma nikasikia kicheko cha kwanza, cha mama mmoja wa Uvira, kile cha kibandani. Nikapata nguvu.

Mpishi akaingia na birika lake.

Kaka, nilikungoja. Naapa nilikungoja. Sauti ile haikuwa yangu, sijawahi kuigusa hata siku moja. Mpishi aliinama kwenye sikio la sherifu, midomo yake ikacheza, na ukumbi mzima haukusikia kitu. Kisha nikasema mimi. "Sikiliza, mtoto. Mji huu ni wangu." Ilitoka nyembamba, imepasuka katikati, ya mwanamke mzee aliyelia asubuhi. Hakuna aliyecheka. Mama wa Uvira alikuwa amefunika mdomo kwa khanga.

Daniel akaja karibu, akaniambia polepole ili watu wasisikie, "Shangazi, lakini hasemi hivyo." Mtoto wa watu, hakuwa na ubaya, alinisahihisha kama anavyosahihisha wateja huko benki kwake. Na mimi nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti, kwa hiyo watu wote walisikia. Nikamwambia, "Najua anachosema, mwanangu. Mimi nakisema kila siku kuanzia saa moja asubuhi. Baba yako alikisema kwenye maofisi ya mjini mpaka wewe ukasoma. Hatukuhitaji mtu wa kututafsiria hicho."

Daniel akazima televisheni. Wakaleta chakula, wali na sombe ya majani ya muhogo na kuku, watu wakala. Hakuna aliyenishukuru wala kunigombeza. Wifi alinipakulia mwenyewe, nyama nyingi.

Jana Daniel amepiga simu. Anataka nikae naye nirekodi vipindi vyote, kila neno ulilokuwa ukisema, yeye ataweka maandishi ya Kiingereza chini ya picha kwa ajili ya watoto. Nimemwambia siweki Kiingereza chini ya kitu chochote. Nimemwambia pia kwamba maneno yako yote siyakumbuki, kwa sababu hukuwahi kusema kitu kimoja mara mbili, na ulipokuwa hai na akili zako ningeweza kukuuliza ila ulikuwa unaosha vyombo. Nilimsikia kwenye simu anapumua kama wewe, kwa pua.

Kwa hiyo sikuambii ulale salama. Ulilala mapema mno, tena ukiwa umesimama. Nakuaga hivihivi, na kinyongo changu nimekibeba, tukikutana nitakupa mkononi.

Ila nakuahidi jambo moja, na si kwa ajili yako. Nimemwambia Daniel amlete Furaha kwangu Jumapili baada ya ibada. Nitamkalisha kwenye kochi, nitawasha Sherifu Mbio, sauti yao nitaizima. Nyumbu atalia, mjane atatukana. Na yule mpishi akifungua mdomo nitamsemea mimi, kwa sauti hii hii mbovu, chochote kitakachonijia. Furaha akicheka, nitamwangalia usoni nijue anacheka nini. Na kama atamcheka mpishi, tutarudia tangu mwanzo.

Ni mimi dada yako, ambaye bado nina mdomo.