Sura ya Baba Yako

Bibi,

Shikamoo. Najua leo hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Hapa Mshangano tumeshavuna mahindi. Mama amehamia chumbani kwako, ila kitanda chako hajakisogeza.

Bibi, nadhani nimemwona baba yako. Naandika hivyo halafu nashindwa kuendelea, maana wewe ndiye uliyestahili kumwona.

Ulikuwa ukisema, "Baba alikwenda kukata mkonge Tanga nikiwa bado mgongoni. Hata sura yake siijui." Kwa hiyo chuoni walipoanza kutufundisha kutafuta historia kwenye nyaraka na picha za zamani zilizowekwa mtandaoni, mimi nilimtafuta yeye. Wewe ulikuwa umelazwa. Niliandika Kosmas, nikaandika Songea, nikaandika mkonge. Hakuna kitu. Kila nikija wodini unaniuliza, "Amepatikana?" Nakujibu bado. Tukakuzika jibu likiwa hilohilo.

Baada ya arobaini nilirudi darasani. Mwalimu akanishauri nisiandike jina kama tunavyoliandika sisi, niliandike kama angeliandika mzungu aliyepiga picha. Nikaanza na C. Ikaja picha ya wanaume mbele ya shamba la mkonge, majina yao chini, kwa jinsi walivyosimama. Wa mwisho kulia: Cosmas, Songea.

Akina Kosmas ni wengi, Bibi, sikutaka kujidanganya. Nikaipeleka Mpitimbi kwa mdogo wako, Bibi Agata, aliyezaliwa baba yenu ameshaondoka. Sikumwonyesha ni yupi, na majina ya chini nilishayakata. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama mpaka kioo kikazimika, nikakiwasha tena. Kisha akaweka kidole juu ya yule wa mwisho kulia.

"Huyu ni dada," akasema.

Tulilia wote wawili.

Mwalimu anasema kufanana hakutoshi, nitafute ushahidi mwingine kabla sijaandika kwamba ni yeye. Ni kweli. Lakini laiti ungeiona hata mara moja... laiti ningewahi.

Lala salama, Bibi yangu. Sijui alifia wapi. Nitaendelea kutafuta, na siku nikifika kwenye kaburi lake nitamwambia kwamba Agata alizaliwa, na kwamba wewe ulimsubiri.

Mjukuu wako,
Restituta