Ramani Mbili za Kwenda kwa Akina Lidia

Bweni la Wasichana,
S.L.P. 214,
Makambako.
20 Julai 2025

Mpendwa Kaka Anderson,

Kamwene, kaka. Mwanza kukoje, na kazi inakwendaje? Huku baridi inauma mpaka kalamu inagoma, ila mimi ni mzima, mafua tu. Mama mgongo umepoa, nilimwacha ameanza kwenda shamba tena.

Siku ile kwenye simu uliniuliza utumie ramani ipi utakapoendesha kuja kwa akina Lidia kwa ajili ya harusi. Nikanyamaza, ukadhani mtandao umekata. Haukukata, kaka. Kwenye simu maneno hunikimbia, na hili hata sijui nianzie wapi. Kwa hiyo naandika.

Mimi kwenye posa yako nilipelekwa kwa sababu moja tu: simu ya Baba mdogo Benno inaongea Kiingereza. Yeye alishika usukani wa kirikuu, kile kigari chake cha mizigo, Mzee Jacob mshenga wetu alikumbatia jembe la posa lililofungwa kwenye kitenge, mimi nikabanwa katikati na simu mbili mapajani.

Ya Baba mdogo inaonya hata matuta, lakini inakula bando. Humo tuliweka lokesheni uliyotumiwa na Lidia. Ya Mama ni bubu, ila hata mtandao ukipotea mshale unaendelea kutembea. Humo niliandika Igwachanya tu. Nilidhani zitasaidiana. Kufika njia panda hapa Makambako, moja ikasema lami ya Mbeya, nyingine ikaonyesha lami ya Njombe.

"Telesia, huyo mzungu wako anasemaje?" Baba mdogo akauliza.

Nikamjibu.

"Ongea kwa sauti, hatupo kwenye maungamo!"

Tukafuata inayoongea. Tulipanda na kushuka hadi simu ikasema tumefika, mbele ya nyumba ya bati jekundu, juu kabisa ya kilima. Mama mmoja akatoka, akatupokea kwa mikono miwili. Unajua kwetu mgeni haulizwi lililomleta kabla hajala, na mgeni mwenyewe hatangulii kulisema. Basi kuku akakamatwa, tukanawa, tukala.

Mimi niliona ukutani picha za kipaimara za watoto wa pale. Hakuna hata mmoja aliyefanana na Lidia. Lakini wazee wanakula, ningesema nini? Nikaendelea na paja langu la kuku.

Mzee Jacob akafungua kitenge. "Tumeona ua katika bustani hii..."

"Ua lipi tena, baba? Wangu wote wameshaolewa!"

Alipotajiwa Lidia, yule mama akacheka hadi akakaa chini. "Kwao ni kule bondeni! Huwa anapandaga hapa kutafuta mtandao."

Baba mdogo akaiangalia simu kana kwamba imemtukana.

Mama huyo, Mama Getruda, akapanda nyuma ya kirikuu atupeleke. Tulipofika jua lilishazama, na Mzee Hosea, baba yake Lidia, alikuwa ameshaingiza viti ndani. Kwao mshenga akipitwa na jua anarudi na jembe lake.

"Hawa warudi," akasema.

"Warudi wapi?" Mama Getruda akamkatiza. "Wamekula kwangu tangu mchana! Kama kuna kosa, kaudai mnara wa simu."

Mzee akanuna, lakini akamwita Lidia. Mbele ya wote akaulizwa kama anawafahamu wageni hawa. Lidia akaangalia chini, kanga mdomoni.

"Nawafahamu. Mimi ndiye niliyewapoteza."

Mzee Hosea akajikaza, akashindwa, akacheka. Akanyoosha mikono, akapokea jembe.

Sasa ramani ipi? Inayoongea ilitufikisha palepale tulipoiambia. Bubu ingetufikisha Igwachanya, halafu tuulize watu. Ningesema Lidia akutumie lokesheni nyingine akiwa nyumbani, ila nyumbani mtandao hakuna, lazima apande kilimani. Kila nikifikiri naishia kwa Mama Getruda. Naye ameshasema hupiti pale bila kula.

Msalimie sana shangazi Rosemary, na Elius unayekaa naye. Mungu akutangulie barabarani, kaka, maana mimi nimeshindwa kukuelekeza.

Mdogo wako akupendaye hata akinyamaza,
Telesia