Mama, Filamu Imekwisha

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuambie "tulieni" kwa mara ya mwisho, na sisi kwa mara ya kwanza tukatulia.

Ulikuwa kitandani hospitalini. Dada anauvuta mto huku, Kaka anauvuta kule, kila mmoja anajua zaidi ya mwenzake jinsi shingo ya mgonjwa inavyolazwa. Ukafumbua jicho moja, lile la kuchungulia kwenye kamera, ukasema, "Tulieni." Tukaganda kama tunapigwa picha. Tungejua ndilo neno la mwisho, tungekuwa tunauvuta huo mto hadi leo.

Tumechoka, Mama. Tunakwambia wewe kwa sababu wengine wote tumeshawaambia hatujambo. Baba amechoka namna ile ya mtu anayeshika kiatu kimoja, akakaa nacho, akasahau kama alikuwa anavaa au anavua. Dada ana madaftari ya darasa zima ya kusahihisha, na bado kila Jumamosi anakuja kufua mashati ya Baba ambayo hayajachafuka, kwa kuwa Baba haendi popote. Kaka, fundi majokofu, anatengeneza ya watu. La kwetu linanguruma tangu mwezi wa tatu na hakuna mwenye nguvu ya kumkumbusha. Na kitinda mimba wako, yule ambaye hakuna picha aliyotoka na uso mmoja kwa kucheza-cheza, siku hizi anatulia hata pasipotakiwa.

Wasiokujua na wajue. Ulikuwa karani wa tiketi katika ofisi ya mabasi ya masafa marefu, miaka ishirini na sita nyuma ya kidirisha kimoja chenye tundu la kupitishia mkono. Abiria walikuja wamewaka moto, basi limechelewa, mzigo haujulikani ulipo, na wewe unawaambia "tulieni" kwa sauti ile ile ya kutupigia picha. Wakakupachika jina: Mama Tulieni. Kioo chenyewe kilikuwa na ukungu wa miaka, kwa hiyo wengi hawakuwahi kukuona sawasawa. Siku ya msiba mtu mmoja alimshika Baba mkono akamwambia, "Mzee, sura yake siijui, lakini mkono wake ningeutambua popote." Baba hakujua kama acheke au aondoke.

Mara moja kwa mwaka ofisi ilikupa viti ambavyo havikupata abiria. Wewe hukuuliza basi linakwenda wapi. "Kiti cha bure hakiulizwi njia," ulisema, ukatufungia mikate, ukatundika kamera shingoni, tukapanda. Basi linafika saa sita mchana, linarudi saa kumi. Ndiyo maana kuna miji kumi na tisa ambayo familia yetu inaijua mwendo wa saa mbili kutoka stendi. Zaidi ya hapo, hata tukiulizwa mahakamani, hatuna habari. Kwenye makopo yako ya biskuti tumo sote, tumejipanga mbele ya jumba la makumbusho lililofungwa Jumatatu, mbele ya daraja, mbele ya geti la kiwanda ulichodhani ni chuo kikuu. Na nyuma ya kila picha maandishi yako. Ile ambayo Kaka ameinama kando ya barabara anatapika, uliandika: "Kaka akitazama mto." Mto haukuwepo, Mama. Kaka ana miaka thelathini na nne na bado watoto wake wanamwuliza ulikuwa mto gani.

Siku uliponunua kamera, fundi picha wa pale karibu na sokoni alikupa somo moja tu: "Jua liwe mgongoni kwako, watu wawe mbele." Ukalishika kama amri. Mvua ikinyesha ulisubiri. Jua likijificha ulisubiri. Tulizungushwa kwenye viwanja vya watu kama ng'ombe wa kupura nafaka, hadi jua likae mgongoni kwako. Fundi alichosahau kukwambia ni kwamba jua likiwa mgongoni, kivuli kinakuwa mbele. Kwa hiyo umo katika kila picha ya nje. Mchana ni kifupi, kinaishia kwenye vidole vyetu. Asubuhi uani kinarefuka hadi kwenye magoti ya Baba, viwiko viwili vimechomoza kama masikio ya sufuria.

"Mama, umetukanyaga tena," tulikuwa tunakwambia bahasha ya picha ikirudi kutoka kwa fundi.

"Nisipowakanyaga mtakimbia."

Na ulikuwa na sheria ya pili, hii ya kwako mwenyewe: filamu haitoki mpaka iishe. Picha thelathini na sita, si moja pungufu. Filamu moja iliweza kula mwaka mzima. Mtoto wa Dada alionekana picha ya tatu amebebwa, picha ya thelathini na tano anaiba sukari kwa miguu yake mwenyewe. Tulikulilia uipeleke kwa fundi mapema. "Hamjui kesho kuna nini," ulisema. "Nikiitoa leo na kesho mkapendeza, je?"

Mwezi wa kumi baada ya kuondoka kwako, Dada akasema tangazo la kumbukumbu linataka picha ya marehemu. Tukaona hilo ni jambo dogo. Picha? Kwetu? Tukashusha makopo matatu ya biskuti, tukamwaga mkekani, tukaanza. Wikiendi ya kwanza tulicheka. Ya pili tuliacha kucheka. Ya tatu Dada aliketi katikati ya picha mia sita na kitu, akaegemea ukuta, akasema, "Hayumo."

Ya harusi ililiwa na unyevu. Amebaki Baba na nusu ya shela. Ya kitambulisho ulituapia kabisa: "Nikifa mkiweka hii, nitarudi." Tuliitazama tena, na kwa kweli umekaa kama mtu anayeulizwa kuku wa jirani wako wapi. Kinyozi hajinyoi, Mama, na wewe hukujipiga.

Ipo moja. Wote tunaijua. Ni ile ya darajani, siku uliyomkabidhi Baba kamera. Baba alipima, akarudi nyuma, akasogea, akabonyeza. Bahasha iliporudi ukawa umesimama vizuri sana kuanzia shingoni hadi viatuni. Kichwa hakuna. Ulicheka mpaka ukakaa chini, ukaigeuza ukaandika nyuma: "Mimi, na mpiga picha mwenye haraka." Miaka yote hiyo ikawa utani wa nyumba. Kaka akinyolewa vibaya: umepigwa picha na Baba. Na Baba mwenyewe alikuwa akicheka kuliko wote.

Safari hii aliiokota mkekani, akaitia mfuko wa shati. Dada anayafua hayo mashati, ndiye aliyeona kwamba kila Jumamosi picha inahama kutoka shati hadi shati. Akamwuliza. Baba akamjibu huku anatazama pembeni:

"Alinipa mara moja tu. Miaka thelathini na sita, mara moja. Nikamkata kichwa."

"Baba, ule ni utani."

"Ulikuwa utani akiwepo."

Hapo ndipo tulipoelewa uchovu wake ulikokuwa ukitoka. Kuamka si kazi. Kazi ni kubeba kosa ambalo mwenye kusamehe hayupo, na mwenyewe alishalisamehe kwa kicheko, na kicheko chenyewe hakipo.

Kaka ndiye aliyekumbuka kamera. Ilikuwa bado kabatini kwenye mfuko wake, kidirisha cha namba kinaonyesha thelathini na mbili.

"Huenda humu ndani yumo," Kaka akasema. "Huenda kuna mtu alimpiga."

"Haitoki mpaka iishe," Baba akasema.

"Zimebaki nne tu. Tuzimalize."

"Nani atazipiga?"

"Wewe."

Baba akainuka, akaenda kujilaza. Mazungumzo hayo, Mama, tuliyarudia karibu kila wiki kwa wiki sita, maneno yale yale, na kila mara yalikuwa mafupi zaidi. Mwishoni Kaka alikuwa analitazama kabati, Baba anaitikia, "Hapana." Na karani wa matangazo kule gazetini alikuwa ametuambia mwisho wa kupokea picha ni Ijumaa.

Jumapili asubuhi kitinda mimba wako akaichukua kamera bila kumwomba mtu. Akawatoa Dada na Kaka uani, akawapanga ukutani, kisha akasimama yeye jua likimpiga usoni, macho amefinya, kamera ameishika kama anayekunywa uji. Kwenye dirisha la chumbani pazia likatikisika. Akajifanya hakuona. Akaanza kuhesabu kwa sauti: "Moja… mbili…"

"Jua mgongoni, wewe!"

Baba alitoka na kandambili moja. Mwaka mzima hatukuwa tumemsikia akipaza sauti. "Jua mgongoni! Mama yako amekufundisha nini miaka yote? Unataka kuunguza filamu ya watu? Lete!"

Akampokonya. Akatugeuza wote watatu, akatupeleka ukuta wa pili, akarudi nyuma, akasogea, akarudi. Kisha akasema neno lako, tunadhani bila kujua kuwa ni lako.

"Tulieni."

Hakuna aliyepepesa hata jicho.

Akapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne alikaa muda mrefu kamera ikiwa usoni, hadi Kaka akasema kwa pembe ya mdomo, "Baba, shingo." Akabonyeza. Akajaribu kuzungusha filamu, kidude kikagoma. Akaishusha, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akaitazama kama mtu aliyemaliza kula na bado ana njaa.

"Imekwisha," akasema.

Hakulia. Alikuwa amechoka tu, na kwa mara ya kwanza alikuwa amechoka kwa kazi aliyoifanya.

Alhamisi fundi picha akatupa bahasha. Tukaketi nayo mezani, Baba ndiye aliyezitoa moja moja. Mama, hukuwemo. Thelathini na moja zilipita, na hakuna aliyekupiga hata moja. Kulikuwa na geti, stendi, mkate, mtoto na sukari, kitinda mimba na nyuso zake mbili, na kivuli chako miguuni petu kila mahali, kama kawaida. Dada akaanza kukusanya vikombe ambavyo hatujavinywea.

Kisha Baba akafika ya thelathini na mbili, akaacha kuhesabu. Ni uani, asubuhi, siku chache kabla hujalazwa. Baba amesinzia kwenye kiti, mdomo wazi, na wewe umesimama karibu mno. Kivuli chako kimemfunika kuanzia magotini hadi kidevuni, kama shuka. Viwiko vyako viko mabegani kwake. Hiyo picha haina utani wowote. Ulikuwa mgonjwa, ulikuwa umeshachoka kuliko sisi tulivyochoka leo, na ulitoka kitandani kwenda kumtazama mtu akilala.

Baba akaiweka kando, taratibu, akageuza zilizobaki. Zake nne.

Ya kwanza: Dada, Kaka na kitinda mimba, kuanzia shingoni hadi viatuni. Vichwa hakuna. Ya pili, vichwa hakuna. Ya tatu, hakuna. Ya nne, ile aliyoipima kwa dakika nzima, amempa kitinda mimba kidevu. Na chini, miguuni petu, kivuli cha mzee mwenye kandambili moja.

Baba alizitazama zote nne. Akatoa ile ya darajani mfukoni, akailaza pamoja nazo. Picha tano za shingo kwa safu.

"Kumbe," akasema, "nakata watu wote."

Kaka alicheka wa kwanza, kwa pua, akijizuia. Halafu Dada. Halafu Baba mwenyewe, Mama, kile kicheko chake cha kikohozi, mpaka akavua miwani. "Nilidhani ni yeye tu," alikuwa anasema. "Mwaka mzima nilidhani ni yeye tu."

Ijumaa tukapeleka picha gazetini. Karani akaitazama, akatutazama.

"Marehemu ni huyu mzee?"

"Huyu amelala tu. Ndiye huyu hapa mlangoni."

Karani akamwangalia Baba, akamwomba radhi. "Sasa marehemu yuko wapi?"

"Hicho kilichomfunika," Baba akasema.

"Mzee, kwenye karatasi ya gazeti haitatoka vizuri."

"Tutaeleza kwa maneno."

Ndiyo sababu ya tangazo hili kuwa refu, na wasomaji watuwie radhi. Mzee mnayemwona juu hapo yu hai, na salamu za pole hazimhusu.

Jokofu bado linanguruma, Mama. Dada bado anafua mashati, ila mifuko siku hizi ni mitupu. Picha ya darajani imerudi kwenye kopo, juu kabisa, na zile nne pembeni yake. Ya thelathini na mbili iko ukutani. Kabla ya kuitundika Baba aliomba kalamu, kwa kuwa wewe hukupata nafasi ya kuiandika nyuma. Alifikiri sana, akaandika: "Mimi, na mpiga picha asiye na haraka."

Unakumbukwa na mumeo. Binti yako mwalimu. Mwanao fundi, na watoto wake wanaoulizia mto. Mjukuu wako wa sukari. Kitinda mimba wako, aliyetwishwa kalamu kwa kuwa wenzake wamechoka. Mdogo wako, Mama Mdogo wetu, anayedai hadi leo ulimtoa mnene pichani makusudi. Wenzako wa kidirishani. Na fundi picha, aliyepoteza mteja wake wa filamu moja kwa mwaka.

Kukusahau hatutaweza. Jua liko mgongoni kwako, Mama, na sisi tuko mbele, tumetulia.